Kumi kwa Tisa: Hesabu Iliyomdhulumu Mrushaji

Tuanze na mtihani mdogo. Wewe ni mjumbe wa kamati ya ajira. Mbele yako yapo majalada mawili ya warushaji wa besiboli, wote wawili wa msimu wa 2018, wote wawili wa ligi ileile nchini Marekani. Jalada la kwanza linasema: ushindi 18, kushindwa 6. La pili linasema: ushindi 10, kushindwa 9. Mwenyekiti ana haraka, chai inapoa, na anataka jina moja. Unamtaja nani?

Wa kwanza ni Jon Lester wa Chicago Cubs. Wa pili ni Jacob deGrom wa New York Mets. Kama umemchagua Lester, usione haya. Kwa zaidi ya miaka mia moja watu waliolipwa kuujua mchezo huo wangechagua kama wewe. Ila fungua ukurasa wa pili wa majalada. Lester aliruhusu wastani wa alama 3.32 kwa kila awamu 9 alizorusha. DeGrom aliruhusu 1.70. Yaani yule mwenye “ushindi 18” aliwapa wapinzani karibu mara mbili ya alama alizotoa yule mwenye “ushindi 10”. Simshutumu Lester, aliyekuwa mrushaji hodari na asiye na hatia katika jambo hili. Ninayemshutumu ni karani aliyeandika jalada, na zaidi yake sisi tunaolisoma ukurasa wa kwanza tu.

Kwa msomaji aliyelelewa na kandanda kama mimi, maelezo machache. Besiboli ni mchezo wa zamu. Timu moja inarusha na kulinda uwanja, nyingine inapiga kwa gongo. Kisha wanabadilishana, na mchezo wa kawaida una awamu 9. Mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu, na kazi yake ni moja: kuwazuia wapinzani wasipate alama. Kuipatia timu yake alama ni kazi ya wapigaji. (Mwaka 2018 kanuni za ligi ya deGrom bado zilimtaka mrushaji ashike gongo zamu yake ikifika, lakini hakuna aliyemwajiri mrushaji kwa ajili hiyo.) Mfikirie kipa. Kipa wa Simba au wa Yanga akimaliza dakika 90 bila kuruhusu bao na mchezo ukaisha sare tasa, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kipa ameshindwa kufunga. Katika besiboli walisema hivyo kila siku, wakaliandika kitabuni, na wakalipa mishahara kwa kulifuata.

Kanuni yenyewe ya kumwandikia mrushaji “ushindi” inastahili kusomwa polepole. Mrushaji aliyeanza mchezo hana budi kukamilisha angalau awamu 5. Ni lazima aondoke uwanjani timu yake ikiwa inaongoza. Na uongozi huo usipotee tena hadi mwisho. Akiondoka mchezo ukiwa sare, hapati kitu. Akiondoka timu ikiongoza na mrushaji wa akiba akaharibu, hapati kitu. Kisha sikia hili: yule wa akiba aliyeharibu, ikiwa wapigaji wataurudisha uongozi kabla hajabadilishwa, huweza kuandikiwa ushindi yeye. Mchomaji nyumba anapewa nishani ya zimamoto kwa sababu alikuwepo mvua ilipokuja.

Tarehe 16 Aprili 2018, Mets waliwakaribisha Washington Nationals. DeGrom alitoka katika awamu ya 8 timu yake ikiongoza 6 kwa 1. Walioingia baada yake waliruhusu mafuriko, na Mets wakafungwa 8 kwa 6. Kitabu kinasema deGrom hakupata ushindi siku hiyo. Msimu mzima ulikwenda hivyo. Alianza michezo 32, akarusha awamu 217, akawatoa wapigaji 269 kwa straiki tatu. Kuna kipindi aliruhusu alama 3 au pungufu katika michezo 29 mfululizo, jambo ambalo hakuna mrushaji aliyewahi kulifanya ndani ya msimu mmoja. Na timu yake? Katika michezo hiyo 32 aliyoianza, Mets walishinda 14 na kupoteza 18. Kwa maneno mengine, timu iliyokuwa na mrushaji bora kuliko wote ilipoteza mara nyingi kuliko ilivyoshinda siku zilezile alizosimama yeye. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mkono mmoja, hata uwe wa dhahabu, haurushi mpira na kuupiga pia.

Tuzo ya mrushaji bora wa mwaka huitwa Cy Young, kwa jina la mzee aliyecheza kuanzia 1890 hadi 1911 na kuandikiwa ushindi 511, rekodi ambayo haijafikiwa na haitafikiwa. Tuzo ilianzishwa 1956, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Wapo wanaodhani kwamba kipimo cha ushindi ni upuuzi tangu asili. Si kweli. Young alianza michezo 815, na katika 749 kati ya hiyo alirusha mwenyewe kutoka mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Mchezo ulikuwa mikononi mwake asubuhi hadi jioni. Ukimwandikia mtu wa namna hiyo ushindi au kushindwa, unakosea kidogo tu, kwa kuwa bado anawategemea wapigaji wake; lakini nusu nzima ya kazi ni yake bila mshirika.

Sasa linganisha na 2018. Katika ligi kuu nzima, michezo zaidi ya 2,400, kila mmoja ukiwa na warushaji wawili walioanza, michezo iliyokamilishwa na mrushaji aliyeianza ilikuwa 42. Kazi ilikuwa imebadilika kabisa. Kwa uamuzi wa makocha na waajiri, mrushaji wa leo hutolewa katika awamu ya 6 au ya 7 na kazi yake kukabidhiwa wengine. Lakini lawama haikukabidhiwa. Waligawanya kazi, wakaacha hukumu kwa mtu mmoja. Hapa ndipo ninapotaka mtumishi wa umma anayesoma makala haya asimame kidogo, kwa sababu nadhani anaijua hali hiyo bila kuelezwa kanuni moja ya besiboli.

Watetezi wa kipimo cha kale wana hoja, na iliyo bora zaidi inaitwa Steve Carlton. Mwaka 1972 Carlton aliichezea Philadelphia Phillies, timu mbovu iliyoshinda michezo 59 tu na kupoteza 97. Katika hiyo 59, Carlton peke yake aliandikiwa 27. “Mnaona?” wanasema. “Mrushaji wa kweli hushinda hata akiwa na timu mbovu. Waliobaki ni walalamishi.” Nimeisikia hoja hii, kwa maneno mengine, katika kila ofisi niliyowahi kupita: yupo mwalimu mmoja aliyefaulisha darasa zima chini ya mwembe, basi nyinyi wenye mabati mnalia nini?

Jibu limo ndani ya takwimu za Carlton mwenyewe. Mwaka ule alianza michezo 41 na akaikamilisha 30. Alirusha awamu 346 na ushei. Alikuwa na mchezo mikononi mwake kama Cy Young alivyokuwa nao. Hakuwa na mrushaji wa akiba wa kumharibia, kwa kuwa mara nyingi hakumpisha mtu. Mpe deGrom ruhusa hiyo ndipo umlinganishe na Carlton. Tena hata Carlton, kwa wastani wake wa 1.97, alishindwa mara 10. Huwezi kumpima mtu kwa mamlaka uliyomnyang’anya.

Hoja ya pili ni ya kiroho zaidi, na kwa hiyo ni ngumu zaidi kuiua: kwamba wapo watu “wanaojua kushinda”, wanaolegeza mkono timu ikiongoza kwa alama nyingi na kuukaza mambo yakiwa magumu, hivyo wastani wao huonekana mbaya ilhali ushindi wao ni mwingi. Hoja hiyo inawafaa sana waliozungukwa na wapigaji matajiri. Mwaka 2010 CC Sabathia wa New York Yankees alimaliza na ushindi 21 na kushindwa 7, wastani 3.18. Félix Hernández wa Seattle Mariners, mwana wa Venezuela, alimaliza na ushindi 13 na kushindwa 12, wastani 2.27, baada ya kurusha awamu karibu 250. Nani anajua kushinda? Kabla hujajibu, tazama nyuma ya migongo yao. Yankees walipata alama 859 msimu ule. Mariners walipata 513. Hernández aliporusha, nyuma yake walisimama watu waliokuwa wakipata kwa wastani alama 3 na kidogo kwa mchezo. Kukaza mkono hakuzai alama kwa timu yako. Hata ukiwafunga wapinzani kwa sufuri, sufuri kwa sufuri si ushindi.

Mwaka ule lakini jambo jipya lilitokea. Wapiga kura 21 kati ya 28 walimweka Hernández wa kwanza, na tuzo ikawa yake. Ni miaka 20 tu tangu tuzo hiyohiyo ya ligi hiyohiyo ipewe Bob Welch wa Oakland kwa ushindi wake 27, wakati Roger Clemens, mwenye ushindi 21, alikuwa na wastani wa 1.93 dhidi ya 2.95 wa Welch. Ni miaka 23 tangu Nolan Ryan, akiwa na umri wa miaka 40, aongoze ligi yake kwa wastani mdogo kuliko wote (2.76) na kwa kuwatoa wapigaji wengi kuliko wote (270), aandikiwe ushindi 8 na kushindwa 16, na tuzo imkwepe. Na mwaka 2018 wapiga kura 29 kati ya 30 walimchagua deGrom. Hakukuwa na mrushaji wa kuanza aliyewahi kuipata tuzo hiyo akiwa na ushindi mchache kama ule.

Mabadiliko hayo hayakutoka ndani ya vilabu. Nalisisitiza hili kwa wanafunzi wangu. Bill James, aliyeanza kuchapisha vitabu vyake vya uchambuzi mwaka 1977, alikuwa mlinzi wa zamu katika kiwanda cha kusindika maharage mjini Lawrence, Kansas. Voros McCracken, ambaye mwaka 2001 aliwatikisa wataalamu kwa hoja kwamba mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani mrushaji ana uwezo mdogo sana wa kuamua hatima yake, hakuwa na cheo chochote katika besiboli. Walidhihakiwa kwamba hawajawahi kushika gongo. Hawakuwa na gongo. Walikuwa na swali moja, nalo ni hili: katika namba hii, ni sehemu gani iliyokuwa mikononi mwa mtu huyu? Kuwatoa wapigaji kwa straiki tatu ni kwake kwa kiasi kikubwa. Kuwapa wapinzani nafasi ya bure kwa kurusha ovyo ni kwake. Mpira unaodondoka mbele ya mlinzi mzito wa miguu si kwake. Hata ule wastani wa alama ninaousifu tangu juu una doa, maana mwandishi rasmi aliyeketi jukwaani ndiye anayeamua kama alama fulani ilitokana na kosa la mlinzi au la. Binadamu mmoja na jicho lake.

Sasa nitoke uwanjani kwa aya mbili, kisha nirudi.

Nimewahi kukaa katika kikao cha kupima utendaji ambako wahadhiri wawili walilinganishwa kwa kiwango cha ufaulu wa wanafunzi wao. Mmoja alifundisha somo la lazima la mwaka wa kwanza, mamia ya vijana katika ukumbi ambao kipaza sauti chake kilikufa tangu muhula uliotangulia. Mwingine alifundisha semina ya mwaka wa mwisho, watu 14 waliojichagua. Namba zilisomwa moja baada ya nyingine, kwa sauti ileile, kana kwamba zilipimwa kwa mizani ileile. Hakuna aliyesema uongo katika kikao kile. Kila namba ilikuwa sahihi. Yule wa kwanza alitoka ameinamisha kichwa, na mimi, ambaye nilijua vizuri, nilinyamaza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Wapo wanaharakati watakaonipigia makofi hapa na kusema: basi tuzifute namba, mtu si takwimu. Sikubaliani nao. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza orodha ya shule bora na wanafunzi bora. Nilifurahi, kwa sababu orodha ile ililinganisha shule zilizowachuja watoto mlangoni na shule za kata zinazompokea kila mtoto. Lakini furaha yangu ilikuwa nusu. Tuliondoa kipimo kibaya, hatukuweka kizuri. Mzazi bado analinganisha, mkaguzi bado analinganisha, ila sasa kila mtu analinganisha kwa kubahatisha. Namba iliyokuwa ikihitajika ni ile inayoonyesha mtoto aliingiaje na ametokaje. DeGrom hakuokolewa na watu waliokataa kuhesabu. Aliokolewa na watu waliohesabu kwa ukaidi zaidi ya wenzao, na bila wao angebaki mtu wa kumi kwa tisa, na simulizi zingesema alikuwa mzuri lakini hakujua kushinda. Anayedhulumiwa na hesabu mbovu ana haki ya kudai hesabu bora, si huruma.

Narudi uwanjani, kwa sababu kuna sehemu ya habari hii ambayo washindi wa mjadala hawapendi kuisimulia. Kipimo kipya kilipokamata madaraka, nacho kilianza kutawala. Kama thamani ya mrushaji ni kuwatoa wapigaji kwa nguvu zake mwenyewe, basi rusha kwa kasi zaidi, kila mpira, bila kupumzika. Kila mrusho sasa hupimwa kwa kamera: kasi yake, mzunguko wake, kupinda kwake. Mkataba wa 2022 kati ya wamiliki na chama cha wachezaji uliweka mfuko wa dola milioni 50 kwa mwaka kwa wachezaji wa miaka ya mwanzo, na sehemu ya fedha hizo hugawanywa kwa fomula ya takwimu. Mwishoni mwa 2024 ofisi ya ligi yenyewe ilitoa ripoti kuhusu wimbi la majeraha ya mikono ya warushaji, na miongoni mwa sababu ilizozitaja ni hii mbio ya kutafuta kasi na kurusha kwa nguvu zote kila mara. Yaani wachambuzi waliuliza vizuri ni nini kilicho mikononi mwa mrushaji, wakasahau kuuliza mkono wenyewe unaweza kubeba nini. Waajiri hawakuwakumbusha, mkono si wao.

Ushahidi tunaye, na ni mtu yuleyule. Mwaka 2018 mpira wa kasi wa deGrom ulikwenda maili 96 kwa saa kwa wastani. Kufikia 2021 ulizidi 99. Mwaka huo wa 2021 wastani wake wa alama ulikuwa 1.08, namba ambayo mtu anaisoma mara mbili akidhani ni kosa la uchapaji; lakini ni katika michezo 15 tu, kwani Julai mwili ulikataa. Mwaka uliofuata alianza michezo 11. Desemba 2022 Texas Rangers walimpa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 185, na Juni 2023 alifanyiwa upasuaji wa kiwiko kwa mara ya pili katika maisha yake ya uchezaji.

Kabla ya kisu hicho alikuwa amewaanzia Rangers michezo 6. Walishinda yote 6, na mwezi Novemba timu hiyo ikatwaa ubingwa wa Marekani, deGrom akiwa anauguza mkono. Ukifungua jalada lake la mwaka 2023, ukurasa ule wa kwanza, wa mwenyekiti mwenye haraka, unasomeka hivi: ushindi 2, kushindwa 0.